Mikataba Arobaini na Nne

Mama yangu hajawahi kuniuliza kama naipenda kazi yangu. Ana swali moja tu, na ameniuliza kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja, kabla hata sijavua viatu mlangoni pake kule Kalimoni: "Maitu, wamekuandika ama bado?" Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mamake. Ndiyo maana kila nikimjibu "bado" huona aibu mara mbili, kama mtoto na kama mzazi.

Kuandikwa, kwa mama, si jambo la mzaha. Yeye alianza kibarua katika kiwanda cha nyuzi kule Eneo la Viwanda, Thika, akisimama langoni kila alfajiri pamoja na wanawake wengine, wakingoja msimamizi atoke na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe pale nyuma. Alinyooshewa kidole kwa miaka sita. Mwaka wa saba akapewa barua ya taipu yenye muhuri, iliyosema kwamba yeye sasa ni mwajiriwa wa kudumu. Barua hiyo iko ukutani hadi leo, ndani ya fremu, kati ya picha ya harusi na kalenda ya kanisa. Kiwanda kilishafungwa, mashine zikauzwa kama vyuma vikuukuu, lakini barua inapanguswa vumbi kila Jumamosi. Kiti cha wageni kinaelekea ukuta huo, na mgeni hana budi kuisoma.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa redio. Kuanzia Ruiru, ninakoishi, hadi Gatundu na ng'ambo ya mji wa Thika, watu waliijua sauti yangu. Nilikuwa nikiuliza bei ya nyanya sokoni, muuzaji anainua kichwa na kusema, "Hii sauti naijua!" Halafu ananiongezea mbili. Lakini barua sikuwa nayo, na kwa mama, sauti bila muhuri ni kelele.

Kituo chetu kilikuwa orofa ya tatu mjini Thika, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo siku za jua studio nzima ilinuka dawa ya kupe. Meneja wetu alikuwa mtu wa suti ya bluu na misemo ya kuazima. Alipenda kutuambia kwamba sisi si wafanyakazi, sisi ni familia. Miaka yote nilidhani anatubembeleza. Kumbe nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu, na kila mmoja wetu alikuwa ameitilia sahihi.

Mkataba wetu ulikuwa wa miezi mitatu. Uliisha Ijumaa, na mwingine ukaanza Jumatatu. Katikati palikuwa na Jumamosi na Jumapili ambazo sisi hatukuwa watu wa mahali popote. Wakili fulani ndiye aliyewatia wenye kituo akili hiyo: mtu akikatwa kila baada ya miezi mitatu, hata kwa siku mbili, hawezi kwenda popote kudai kwamba ameajiriwa. Na ili pengo hilo lionekane kwa macho, ikawekwa desturi. Ijumaa ya mwisho, saa kumi na moja jioni, kila mtu alishuka ngazi na kuweka kadi yake ya kazi ndani ya katoni ya sabuni iliyokuwa mezani pa bawabu. Jumatatu asubuhi tulipanga foleni pale pale. Bawabu alitoa kadi moja moja, akatazama picha, akatazama uso, kisha akakupa kadi yako kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kukuona. Halafu ukapanda juu kutia sahihi miezi mingine mitatu.

Tulikuwa watu wazima. Baadhi yetu walikuwa na watoto chuo kikuu. Na bado tulisimama kwenye ngazi hizo tukingoja kadi itoke katika katoni, na tukaita siku hizo mbili wikendi ya marehemu, na tukacheka. Leo nikikumbuka kicheko hicho natamani kujizaba kofi. Mama alisimama langoni miaka sita na hakuwahi kufikiri kwamba ni kichekesho. Mimi nilisimama kumi na mmoja nikidhani nimempita kwa sababu nilivaa viatu vya kisigino.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, kila siku saa saba kasoro dakika kumi mchana. Wasomi wa Nairobi huyadharau matangazo haya. Wangekuja kwetu wangeona jinsi saa hiyo mahoteli yanavyonyamaza, vijiko vikiwa juu ya sahani. Kwetu tangazo la kifo halimhusu marehemu sana, maana yeye hasikilizi. Linawahusu walio hai. Ni orodha: mume wa fulani, baba wa fulani aliye Qatar na fulani wa hospitali ya kaunti, mkwe wa fulani, babu wa wengi. Kila mtu anasikiliza kama jina lake litasomwa, liko mahali gani, na kama kazi yake imetajwa. Aliyeachwa nje hasahau hadi naye atangazwe.

Kwa hiyo sikuwahi kusoma tangazo kabla ya kupiga simu. Nilipigia familia, nikawasomea orodha yao, kisha nikauliza swali langu: "Kuna nyumba nyingine?" Mara nyingi walisema hakuna, haraka haraka, tukaendelea. Lakini mara nyingine upande ule ulinyamaza. Nilikijua kimya hicho. Sikukazana nao, niliacha tu simu wazi, nikangoja, na baada ya muda mtu alikohoa na kusema, "Kuna mama mdogo, lakini hao hatuongei." Basi nilichukua namba ya mama mdogo, nikampigia naye, nikaandika watoto wake katika daftari langu, na saa saba kasoro kumi nyumba zote mbili zikasomwa, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile. Watu walinuniana kaburini lakini walizika. Meneja alinisihi mara nyingi nikate majina ili matangazo ya biashara yapate nafasi. Sikukata hata moja. Hicho ndicho kitu nilichojivunia, na sioni haya kukitaja.

Wiki ya mwisho ya mkataba wa arobaini na nne, meneja aliniletea karatasi studioni. Lilikuwa tangazo la kazi. Kituo kinatafuta mtangazaji wa kipindi cha mchana, mwenye sauti ya kuvutia, uzoefu wa miaka mitano na wafuasi wengi mitandaoni.

"Rekodi na ile sauti yako tamu," akasema.

Kipindi cha mchana kilikuwa changu. Mtu mwenye akili timamu angeuliza. Mimi nilijiambia kwamba hatimaye wananitafutia msaidizi, maana nilikuwa nimelalamika sana kuhusu zile simu. Nikarekodi kwa bidii. Hata nikaongeza maneno yangu mwenyewe mwishoni, ambayo hayakuwa kwenye karatasi: "Wahi mapema, bahati haibishi mlango mara mbili!" Tangazo likachezwa mara sita kwa siku. Jirani yangu wa Ruiru alinitumia binti yake nimsaidie kuandika maombi, nami nikamsaidia, nikamwambia asisahau kutaja kwamba anapenda kusikiliza kipindi changu.

Ijumaa nikaweka kadi katika katoni.

Jumatatu tulikuwa watu kumi na wanne kwenye ngazi. Kadi zilikuwa tano. Bawabu alizitoa zote tano, walioitwa wakapanda juu bila kugeuka nyuma, na sisi wengine tukabaki tukimtazama mikono. Nikamwambia atafute vizuri. Akainamisha katoni ili nione ndani mwenyewe.

"Yako haiko, madam," akasema. "Si mimi. Niliambiwa nipeane zile ziko."

Alikuwa na redio ndogo mezani, na katika redio hiyo, wakati huo huo, mimi nilikuwa nikiwahimiza watu wawahi mapema. Nimeshatangaza vifo vingi lakini sijawahi kuona marehemu akitangaza nafasi yake mwenyewe iliyo wazi.

Meneja alishuka akasimama ngazi ya tatu kutoka chini, umbali wa kutosha. "Tuelewane," akasema. "Hakuna mtu amefutwa kazi. Contract imeisha tu, na hatujarenew. Nyinyi bado ni familia."

Fundi wetu wa mitambo, mtu mpole ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akamuuliza, "Sasa hii familia, matanga ni lini?" Tukacheka tena, kwa mazoea. Kisha tukatoka nje, na duka la dawa za mifugo lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa.

Jumapili hiyo sikumwambia mama. Niliketi kwenye kiti cha wageni, nikaitazama ile barua, akaniuliza mbona hajanisikia redioni wiki nzima. Nikamjibu neno la kwanza lililokuja mdomoni: "Niko likizo."

Uso wake ulibadilika. Aliweka kikombe chini polepole. "Likizo?" akasema. "Kibarua hapewi likizo. Ngai! Si useme wamekuandika!"

Ningeweza kulirudisha neno lile. Nilimtazama macho yake, ambayo mtoto wa jicho amekwisha kuyafunika nusu, nikamwambia kwamba barua iko njiani. Njia ya mwongo ni fupi, nalijua hilo, na kila wiki nilikuwa nikilisema hewani kama maneno ya hekima. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na deni la barua kwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, na hiyo ndiyo sababu nilifanya jambo ambalo bila hivyo nisingelifanya: nilituma maombi ya kazi yangu mwenyewe.

Waliniita. Chumba kilikuwa kile kile tulichokuwa tukilia chakula cha mchana, ila sasa meza ilikuwa imetandikwa kitambaa. Meneja aliketi upande mmoja, na kando yake mama wa rasilimali watu, aliyeletwa kutoka Nairobi na chupa yake ya maji. Meneja akanikaribisha kwa majina yangu yote matatu, akaniomba nijieleze kidogo. Mtu huyu alikula mukimo katika harusi ya dada yangu.

Yule mama alifungua faili. "Umeandika experience ya miaka kumi na mmoja. Barua ya mwajiri iko wapi?"

"Mwajiri ni nyinyi."

"Hapana. Kwa records zetu wewe ulikuwa mtoa huduma. Hatuwezi kukupea barua ya mwajiri kama hatukuwa mwajiri." Akapekua karatasi, arobaini na nne, nilizihesabu zikipita. "Hizi zote ni za miezi mitatu mitatu. So experience yako ndefu kabisa ni miezi mitatu. Na sisi tunataka miaka mitano."

Hakucheka. Hilo ndilo lililonishangaza. Alisema jambo hilo kwa upole, kama daktari anayekuambia damu imepungua. Nilimgeukia meneja, naye alikuwa ameanza kusoma kitu muhimu sana kwenye simu yake. Wakaniuliza nina wafuasi wangapi mitandaoni. Nikawaambia wafuasi wangu wako Gatundu wakichuma chai, redio ikiwa imefungwa kiunoni. Yule mama akasema hao hawako mtandaoni, akaandika sifuri. Nilimwona akiandika.

Mwisho wakaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. "Hapa hapa," nikawajibu, "kwa kiti hiki, nikiulizwa hilo swali na watu wengine, kwa sababu nyinyi mtakuwa mmeshatolewa kwa katoni." Nikabeba mkoba wangu. Kazi ilipewa mwanadada anayejulikana mtandaoni kwa kuiga jinsi majirani zake wanavyotembea. Simlaumu. Naye alipewa miezi mitatu, na kadi ambayo sitashangaa kama ilikuwa yangu iliyobanduliwa picha.

Nyumbani Ruiru sikuizima redio. Nilijiambia nasikiliza ili nicheke, lakini ilikuwa kama kubonyeza jino bovu kwa ulimi. Mwanadada alisoma majina ya wafu akiwa na haraka, kukiwa na kinanda chini ya sauti yake, na kila tangazo lilikuwa nusu ya yale yangu. Walikuwa wamepata ile nafasi ya biashara.

Wiki ya tatu, nikiwa jikoni, nikasikia tangazo la mzee mmoja wa karibu na kwetu Kalimoni. Mke mmoja. Watoto watano. Mazishi Alhamisi. Kisha likaja tangazo la mabati.

Nilisimama na mwiko mkononi. Mzee yule alikuwa na nyumba mbili. Nilijua, kwa sababu miaka miwili nyuma nilitangaza kifo cha nduguye, na katika daftari langu yeye aliorodheshwa pamoja na wake zake wawili na watoto wa kila mmoja. Madaftari yako katika sanduku chini ya kitanda changu; hayo sikuyaacha kituoni. Nikalitoa, nikafungua, na jina la nyumba ya pili lilikuwa pale kwa mwandiko wangu, na namba ya simu ya binti yao mkubwa.

Nilipiga simu kituoni. Akashika bawabu. "Madam, nimeambiwa nisikuunganishe na mtu," akasema, na nikasikia kwamba aliona haya. Nikakata. Namba ya yule binti ilikuwa mbele yangu. Ingenichukua dakika mbili.

Nikafunga daftari na kumimina chai. Wacha waone, nikasema. Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimeshasema mwingi: nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyemwona mwizi wake akiteleza kwenye matope.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyotokea, maana alikuwa mazishini. Nyumba ya pili walisikia habari za kifo cha baba yao kama majirani walivyosikia, redioni, na wakasikia pia kwamba wao hawapo. Hawakupiga kelele. Walienda mahakamani. Alhamisi, padri akiwa ameshafungua kitabu, waliingia bomani kwa mzee na askari wawili na amri ya kusimamisha mazishi. Jeneza likarudishwa mochari. Wali ulikuwa bado jikoni, na watu walikula wakiwa wamesimama, bila kuangaliana. Mjane wa kwanza aliketi chini akalia kwamba mzee wake amerudishwa kwa friji kama nyama.

"Wewe ndiye husoma hayo mambo," mama akaniambia. "Hungeacha hiyo. Kama haungekuwa likizo, huyo mzee angezikwa."

Nilikunywa chai yangu nikiutazama ukuta.

Siku chache baadaye mlango wangu ukabishwa Ruiru. Alikuwa mwanamke wa rika langu, muuza mitumba sokoni hapo mjini, uso wake umevimba kwa kulia au kwa kukosa usingizi. Alikuwa yule binti mkubwa wa nyumba ya pili. Alikuwa ameuliza soko zima mtangazaji wa vifo anaishi wapi, na soko zima lilijua.

"Madam," akasema, "wewe ndiye ulisoma ya uncle yetu. Ulinipigia ukaniuliza watoto wote, hata yule wa Naivasha. Sasa hii ya baba ulituacha aje?"

Akanipa barua. Walikuwa wamekwenda kituoni kulalamika, na kituo kikawaandikia kwa heshima zote, kwenye karatasi yenye nembo. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema: "Tunathibitisha kwamba msimamizi wa matangazo ya vifo ni mwajiriwa wetu wa kudumu, ambaye amekuwa nasi kwa miaka kumi na mmoja. Kwa uzembe aliouonyesha katika tangazo la mzee wenu, tumemwachisha kazi mara moja." Chini ya hapo palikuwa na jina langu kamili, sahihi ya meneja, sahihi ya mama wa rasilimali watu, na muhuri. Muhuri mkubwa, wa bluu, haujakwaruzika popote.

Nilicheka. Mgeni wangu alinitazama kama mwendawazimu, na sikuweza kujizuia. Miaka kumi na mmoja nimeomba karatasi hiyo. Niliomba kwa adabu, niliomba kwa barua, niliomba nikiwa kitini mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa. Wakasema mimi ni mtoa huduma, mimi ni familia, mimi nina uzoefu wa miezi mitatu. Siku walipohitaji mtu wa kubebeshwa lawama, ndipo wakaniajiri.

Nikamkalisha, nikamweleza. Nilimwonyesha mkataba wa mwisho na tarehe yake. Nilimwambia siku tangazo la baba yake liliposomwa, mimi nilikuwa jikoni humu humu, wiki ya tatu nikiwa sina kazi. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki, na nikaona ameniamini.

"Na ulisikia likisomwa?" akauliza.

"Nilisikia."

"Na ulijua tumeachwa."

"Nilijua."

"Na namba yangu bado uko nayo?"

Daftari lilikuwa pale mezani. Akainuka, akajifunga leso vizuri, na alipokuwa mlangoni nikamnyooshea barua yake. Akaitazama mkononi mwangu.

"Kaa nayo," akasema. "Ni yako."

Kesho yake nilifanya nilichopaswa kufanya wiki mbili kabla. Nilipigia nyumba ya kwanza, nikapigia nyumba ya pili, nikangoja vile vimya vyao vyote, nikaandika orodha moja yenye kila mtu. Padri aliisoma mwenyewe siku mzee alipozikwa hatimaye, na nasikia hakuna aliyelalamika. Yule binti hakunipigia kunishukuru, wala hakupaswa.

Barua niliipeleka ofisi ya kazi mjini Thika. Afisa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama walioandika walikuwa walevi. Shauri linaendelea, na meneja ameshanitumia ujumbe akiniambia kwamba mambo ya familia humalizwa nyumbani. Sikumjibu. Aliye juu mngoje chini, na mimi sasa nina muda.

Lakini kabla ya kuipeleka huko nilipita kwanza katika duka la kupiga chapa, nikaomba kopi moja. Nilimwambia mwenye duka aifunike sentensi ya pili kwa kipande cha karatasi nyeupe. Alifanya hivyo bila kuuliza. Nadhani ameona mengi. Kopi ikatoka safi, jina langu, sahihi mbili na muhuri, na katikati nafasi ndogo ambayo mtu angedhani ni mtindo wa kuandika barua.

Jumapili nikaenda nayo Kalimoni. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaileta karibu na jicho lile lenye afadhali, akagusa mahali pa muhuri kwa kidole. Kisha akanirudishia.

"Nisomee," akasema. "Na ile sauti ya redio."

Nikasimama katikati ya sebule, nikavuta pumzi, nikamsomea: "Tunathibitisha kwamba msimamizi wa matangazo ya vifo ni mwajiriwa wetu wa kudumu, ambaye amekuwa nasi kwa miaka kumi na mmoja."

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

Akaingia chumbani, nikasikia akivuta kitu chini ya kitanda. Akarudi na fremu iliyofungwa kwa gazeti lililokwisha kuwa la manjano. Alikuwa ameinunua mwaka ule nilioanza kazi, akaiweka. Miaka yote hiyo sikuwahi kukata tangazo la mtu. Nikaingiza langu ndani ya fremu, nikapigilia msumari pale aliponionyesha, kando ya barua yake, mbele ya kiti cha wageni.